Barua moja, saini mbili

Simu iliingia saa tatu asubuhi, msimu wa korosho ukiwa umechanganya.

"Njomba, shikamoo."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Barua zetu zinatoka na majina mawili. Langu, na la yule dada aliyehama. Na namba yake ya simu iko palepale. Jana mnunuzi kampigia kumuuliza kontena. Mwenzetu siku hizi yuko Dodoma, hata hajui mzigo umefika wapi."

Ofisi yenyewe inapokea na kusafirisha mizigo hapa Mtwara; jina lake tuliache. Wana fomu ya barua pepe ndani ya Outlook, programu ya Microsoft, waliyoibatiza "Taarifa ya Mzigo". Ukiifungua inakuja na salamu na maneno ya heshima yaliyokwisha kuandikwa, kisha nafasi za kujaza: namba ya stakabadhi ya ghala, idadi ya magunia, uzito, namba ya kontena, jina la meli. Wanaitumia watu saba, wengine mjini, wengine Newala, Masasi na Liwale. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho mwaka 2007, karatasi za zao hili hazina mwisho, na fomu ya namna hiyo ni nafuu kubwa. Kila mtu anatuma taarifa ya sura moja, na hakuna anayesahau kuandika uzito.

Vurugu ilikuwa chini ya barua. Wa mjini walisema majina yanatoka mawili. Kijana wa Newala alisema kwake linatoka moja, ila si lake. Mhasibu aliapa kwamba kwake hakuna tatizo lolote. Meneja alishakata shauri kwamba kompyuta zimeingiliwa na virusi. Nilipokaa nao, nikakuta wale watatu wa kwanza wote wanasema kweli, na meneja peke yake ndiye aliyekosea. Ofisi ile ile, fomu ile ile, matokeo matatu tofauti, na kila moja lina sababu yake.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Saini ninayoizungumzia ni yale maandishi yanayojibandika chini ya barua pepe: jina, cheo, simu, anwani, pengine na nembo ya ofisi. Sisemi habari ya saini ya kielektroniki ambayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua, ile ya kuthibitisha kwamba fulani ameridhia waraka. Hii yetu ni kama kadi ya biashara inayobandikwa na mashine kila unapofungua karatasi mpya.

Desturi yake ni ya zamani kuliko programu tunazotumia leo. Watu wa Usenet, yale majadiliano ya kompyuta ya miaka ya 1980, walizoea kutenganisha saini na ujumbe kwa mstari wenye vistari viwili na nafasi moja, na mtu aliyeandika saini ya zaidi ya mistari minne alionekana hana adabu. Alama hiyo ya vistari viwili baadaye iliandikwa kwenye waraka wa viwango vya intaneti uitwao RFC 3676, wa mwaka 2004. Faida yake ni kwamba programu ya anayejibu ikiona vistari hivyo, inajua kuanzia hapo kwenda chini ni saini, inaweza kuikata. Gmail bado inaviweka. Outlook haina mazoea hayo. Ina alama yake nyingine, ya kujificha, na kesi yetu yote inazunguka hapo.

Saini inakaa wapi

Watu wengi hudhani saini yao iko "kwenye barua pepe yangu", huko iliko. Kwenye Outlook ya kawaida ya Windows, ile iliyozoeleka kwenye ofisi zetu kwa miaka, saini iko ndani ya kompyuta yenyewe. Kuna folda iitwayo Signatures ndani ya mafaili ya mtumiaji wa Windows, na kila saini unayoitengeneza inahifadhiwa humo mara tatu: faili la .htm kwa barua zenye rangi na picha, la .rtf, na la .txt kwa barua za maandishi matupu. Picha ya nembo inapewa kijifolda chake pembeni.

Kwa hiyo ukibadilishiwa kompyuta, saini yako inabaki kwenye kompyuta ya zamani. Ndivyo ilivyomkuta kijana wa Newala. Alipewa kompyuta mpakato mpya mwanzoni mwa msimu, akaingiza nywila yake, barua zake zote zikashuka kutoka kwenye seva, akajua amemaliza. Saini yake haikushuka, maana haikuwahi kupanda. Matoleo mapya ya Microsoft 365 yanaweza kuhifadhi saini pamoja na sanduku la barua ili ikufuate kila uendako, lakini ofisi hii ilikuwa bado na matoleo ya zamani, kila mashine na lake.

Sasa, ukibofya kuandika ujumbe mpya, Outlook inaangalia akaunti unayotumia, inachukua saini uliyoiteua kwa ujumbe mpya (ile ya kujibu inaweza kuwa nyingine) na kuiweka ndani ya karatasi kabla hujaandika hata herufi moja. Shika neno hilo: ndani ya karatasi. Haingoji utume. Ukiiona pale chini, tayari ni maandishi ya barua yako kama maandishi mengine yoyote. Unaweza kuifuta, kuipaka rangi, kuiandika upya.

Itajuaje basi kwamba maandishi yale ni saini, ili ukitaka kubadili saini iondoe ile ya kwanza? Tangu toleo la 2007, kihariri cha Outlook ni Word yenyewe, na Word ina kitu kiitwacho alamisho: kipande cha maandishi kinachopewa jina bila jina hilo kuonekana. Outlook inaizungushia saini yako alamisho iliyofichwa yenye jina _MailAutoSig. Ukichagua saini nyingine kwenye menyu, inatafuta alamisho hiyo, inatoa kilichomo, inaweka kipya. Alamisho ikiwa haipo, haioni cha kutoa; inaongeza tu.

Kuna njia ya kujua bila kuwa fundi. Bofya kulia juu ya saini iliyo kwenye barua unayoandika. Ikikuletea orodha ya saini zako, alamisho ingali hai. Ikikuletea menyu ya kawaida ya kunakili na kubandika, basi pale hakuna saini tena, kuna maandishi yanayofanana na saini.

Fotokopi ya barua iliyokwisha kupigwa mhuri

Yule dada aliyehama ndiye aliyeitengeneza fomu, miaka kadhaa iliyopita. Alifanya kazi nzuri, tumpe haki yake. Alifungua ujumbe mpya, akaandika salamu, akapanga nafasi za kujaza, akahifadhi. Lakini alipofungua ule ujumbe mpya, Outlook ilimwekea saini yake chini, kama inavyofanya kila siku, na jicho la mtu limezoea kuona jina lake chini ya barua zake. Hakuliona. Akahifadhi fomu pamoja na jina.

Nenda steshenari yoyote pale karibu na Soko Kuu uone wanavyotoa fotokopi za fomu za maombi. Mwenye steshenari mwangalifu anatunza nakala mama, safi, isiyojazwa kitu. Siku nakala mama ikipotea akachukua iliyojazwa na mtu, akafuta kwa karatasi nyeupe, akasahau sahihi ya chini, basi watu mia watapeleka maombi yenye sahihi ya mtu mmoja. Mashine ya fotokopi haina kosa. Inatoa ilichopewa.

Fomu maalum ya Outlook ina mambo mawili ndani yake, na wengi huyachanganya. Kuna sura: mpangilio wa nafasi, majina ya nafasi, ukurasa wa anayeandika na ukurasa wa anayesoma, ambao unaweza kuwa tofauti. Na kuna mwili wa ujumbe, yaani lile eneo kubwa la kuandikia. Mtengenezaji akiandika kitu kwenye mwili kabla ya kuhifadhi, kitu hicho kinakuwa sehemu ya fomu, na kila atakayeifungua atakikuta. Ndivyo salamu zinavyofika. Ndivyo na saini ya mtengenezaji inavyofika, maana programu haitofautishi maneno uliyoyaandika kwa makusudi na yale iliyokuwekea yenyewe dakika moja nyuma.

Kwa hiyo saini ina nafasi mbili za kuingia: siku fomu inatengenezwa, na siku fomu inatumiwa. Ya kwanza inaganda. Ya pili inakuja mbichi kutoka kwenye kompyuta ya anayetuma. Ukizitenganisha nyakati hizi mbili, ushahidi wa watu wote unakaa sawa.

Katibu muhtasi wa mjini ana saini yake ya kiotomatiki. Alipofungua fomu, alikuta saini iliyoganda ya mwenzake, na yake ikaongezwa. Majina mawili. Alipojaribu kurekebisha kwa kuchagua saini yake kwenye menyu, Outlook ilibadilisha ile yake kwa ile yake, kwa sababu ya dada aliyehama haikuwa tena na alamisho. Watu walikuwa wameigusagusa: mmoja alinyoosha nafasi za mistari, mwingine alibandika nembo mpya katikati. Alamisho ya Word haivumilii mikono mingi. Ukifuta kilichomo chote ukaandika upya, inapotea kimya kimya.

Kijana wa Newala hana saini kwenye mashine mpya. Hakuna kilichoongezwa. Likabaki lililoganda peke yake, jina la mtu asiyemfahamu hata kwa sura.

Na mhasibu? Nilimwomba anionyeshe anavyotuma. Hafungui fomu kabisa. Anakwenda kwenye barua zilizotumwa, anachukua taarifa ya wiki iliyopita, anabadili namba, anatuma. Jina la zamani aliwahi kulifuta mara moja, basi. Njia yake inampa jina sahihi, ila siku moja itampelekea mnunuzi wa leo uzito wa mzigo wa juzi, na hapo tutazungumza mengine.

Kuisafisha

Dawa ya fomu mpya ni nyepesi kuliko maelezo yake. Kabla ya kufungua ujumbe utakaougeuza kuwa fomu, nenda kwenye chaguzi za barua, sehemu ya saini, uweke "hakuna" kwa ujumbe mpya. Tengeneza fomu. Ukimaliza, shuka hadi chini kabisa, uone kama hakuna mstari ulioachwa na kitu. Hifadhi au chapisha, yaani iweke pale wengine watakapoichukulia. Kisha rudisha saini yako. Mimi napendelea zaidi kuwa na akaunti ya mtumiaji mwingine kwenye Windows, isiyo na saini yoyote, ya kutengenezea fomu tu. Kuzima na kuwasha ni jambo la kusahaulika, hasa simu ikiita katikati.

Fomu iliyokwisha kuchafuka inahitaji uifungue kwa njia ya kuibuni. Ukiifungua kama mtumaji wa kawaida, saini yako mwenyewe inaweza kuingia, na ukihifadhi hapo umeondoa jina moja na kugandisha lingine. Nimeona ofisi iliyofanya hivyo mara mbili. Fomu ilikuwa inasomeka kama orodha ya watumishi waliopita.

Ndani ya hali ya kubuni, futa saini yote pamoja na mistari mitupu iliyo juu yake. Kufuta mistari hiyo kunasaidia kuondoa mabaki ya alamisho, kama yapo. Kisha ichapishe tena kwa jina lile lile la zamani. Kila fomu maalum ya barua pepe ina jina la ndani linaloanza na IPM.Note, nukta, halafu jina ulilolipa, na barua zilizokwisha kutumwa kwa fomu hiyo zinaitafuta kwa jina hilo. Ukiipa jina jipya, za zamani zitaendelea kuitafuta ile chafu. Pandisha namba ya toleo kwenye sifa za fomu ili ujue unayoiona ni ipi.

Halafu kuna suala la mahali fomu inapoishi, na hapa ndipo kazi ilipokuwa ndefu kuliko nilivyomwambia meneja. Fomu inaweza kuchapishwa kwenye maktaba ya mtu binafsi, kwenye folda fulani, au kwenye maktaba ya taasisi nzima iliyo kwenye seva ya Exchange, ile ya Microsoft inayotunza barua pepe za taasisi. Ya taasisi ndiyo nzuri kwa watu saba: unasafisha mahali pamoja, wote wanapata. Lakini hata hiyo, Outlook ya kila mtu hutunza nakala ya fomu kwenye mashine ili isiivute kila mara, na nakala hiyo inaweza kung'ang'ania. Mtu anakuambia "bado iko vilevile", nawe unaona safi kwako. Kwenye chaguzi za hali ya juu kuna mahali pa kusimamia fomu na kufuta akiba hiyo. Ifute, funga Outlook, fungua tena.

Ofisi yetu haikuwa na maktaba ya taasisi. Dada yule alihifadhi fomu kama kiolezo, faili lenye .oft mwishoni, akaliweka kwenye folda ya pamoja. Faili la .oft halina bwana. Kila aliyetaka kulitumia nje ya ofisi alilinakili: kwenye meza ya kompyuta, kwenye flashi, wengine walitumiana kwa WhatsApp. Kulisafisha moja hakusafishi mengine. Tabia ya violezo hivi pia haifanani na ya fomu iliyochapishwa: saini ya mtumaji huweza kuongezwa au isiongezwe kutegemea toleo la Outlook na jinsi ulivyolifungua faili, kwa hiyo usimwamini mtu, hata mimi. Fungua faili kwenye kila aina ya mashine mliyonayo, tazama chini.

Kuna waliopendekeza tuandike kijiprogramu ndani ya fomu kinachofuta saini ya zamani fomu inapofunguka. Zamani ilikuwa njia ya mafundi. Tangu masasisho ya usalama ya Septemba 2017, Outlook haiendeshi tena msimbo ulio ndani ya fomu maalum mpaka msimamizi aruhusu kwa kubadili mipangilio ya Windows kwenye kila mashine. Waliofunga walikuwa na sababu. Fomu yenye msimbo ni mlango, na mlango ukiachwa wazi haumchagui wa kuingia. Kwa ajili ya jina moja la chini ya barua, sikuona haja ya kuufungua.

Kny

Tulipokuwa tunasafisha, meneja akaleta swali ambalo lilikuwa zito kuliko fomu yenyewe. "Kwani anayeandika barua hii ni nani? Mimi, yeye, au ofisi?"

Aliyewahi kuandika barua ya serikali anajua swali hili lilishajibiwa zamani kwa herufi tatu. Chini ya barua kuna sahihi ya mtu, jina lake, kisha "Kny: MKURUGENZI", yaani kwa niaba ya mkurugenzi. Mwandishi ni huyu, mwenye barua ni yule. Msomaji anajua wa kumpigia simu, na anajua nani atawajibika. Saini ya kiotomatiki ya barua pepe haijui Kny. Inajua mtu mmoja tu, mwenye kompyuta.

Nilimshauri hivi. Sehemu ya ofisi, ile isiyobadilika, iandikwe ndani ya fomu kama maandishi ya kawaida: "Kny: Meneja wa Ofisi", anwani ya posta, simu ya mezani. Haina jina la mtu, kwa hiyo hata ikiganda miaka kumi haitamkosesha mtu usingizi. Sehemu ya mtu, jina na simu ya mkononi, iachwe itoke kwenye kompyuta ya anayetuma, na iwe fupi: mistari miwili, mitatu. Kila mmoja akatengeneza saini hiyo fupi kwa kazi hii.

Namba ya simu ya mkononi ya mtu aliyeacha kazi kuendelea kusambazwa kwa wanunuzi ni zaidi ya kero. Ni taarifa binafsi, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Dada wa Dodoma hakuwa amelalamika popote. Alikuwa anapokea simu za watu na kuwaelekeza kwa upole, msimu mzima.

Wanaotumia sanduku la barua la pamoja, yaani anwani moja ya ofisi inayofunguliwa na wengi, wana mtego wao. Sanduku hilo likijileta lenyewe kwenye Outlook ya kawaida kwa sababu msimamizi amekupa ruhusa, halitokezi kwenye orodha ya akaunti unapopanga saini. Ukituma kwa jina la ofisi, saini inayowekwa ni ile ya akaunti yako binafsi. Juu panasema ofisi, chini panasema wewe. Dawa ni kuliongeza sanduku hilo kama akaunti kamili, au kuchagua saini kwa mkono kila unapotuma. La pili watu husema watafanya.

Seva ikichukua kazi

Kuna njia ya kuwanyang'anya watumaji jambo lote hili. Msimamizi wa Exchange anaweza kuweka kanuni kwenye seva: kila barua inayotoka nje iongezewe maandishi fulani mwishoni. Maandishi hayo yanaweza kuvuta taarifa za mtumaji kutoka kwenye orodha ya watumishi, kwa kuandika vitu kama %%DisplayName%% mahali pa jina na %%Title%% mahali pa cheo. Mtu akipandishwa cheo, msimamizi anabadili mahali pamoja. Akihama, anaondolewa. Fomu inabaki na mwili safi, na saini za kiotomatiki zinazimwa kwa wote.

Ukisikia hivyo unaweza kutaka kuhamia huko leo hii. Subiri kidogo. Seva inaongeza saini mwisho kabisa wa barua, si chini ya maneno uliyoandika. Ukijibu barua ambayo imeshakwenda na kurudi mara tano, saini yako inakwenda kukaa chini ya yote, baada ya maneno ya mwaka juzi, na usipoweka sharti la kuzuia, kila jibu linaongeza nyingine mpaka mkia unakuwa mrefu kuliko mnyama. Sharti lenyewe ni rahisi: weka ndani ya saini neno ambalo huwezi kulikuta kwingine, kisha iambie seva isiongeze ikilikuta. Pia mtumaji haioni saini hiyo anapoandika, wala haipo kwenye nakala yake ya barua zilizotumwa. Wazee wa ofisi hawapendi kutuma kitu wasichokiona. Na barua iliyofungwa kwa usimbaji seva haiwezi kuiandika ndani, kwa hiyo lazima uamue mapema kama ipite bila saini, ifungwe ndani ya barua nyingine, au ikataliwe.

Kwa ofisi ya watu saba isiyo na msimamizi wake, sikuona faida yake. Kwa chama kikuu cha ushirika chenye watumishi wengi, au halmashauri, ningeanza hapo.

Wanaotumia Gmail, na kwa Mtwara na Lindi ni wengi, ugonjwa ni huo huo kwa jina jingine. Gmail ina violezo, unaviwasha kwenye mipangilio ya hali ya juu. Ukiandika ujumbe ukauhifadhi kama kiolezo saini ikiwa chini, inahifadhiwa pamoja nacho. Kesho ukifungua ujumbe mpya unakuja na saini, ukimwaga kiolezo kinakuja na saini, zimekuwa mbili. Futa saini kabla ya kuhifadhi kiolezo, yameisha. Nafuu ya Gmail ni kwamba violezo havishirikishwi kati ya akaunti na akaunti, kwa hiyo unajichafua mwenyewe.

Jambo moja zaidi kwa wanaofikiria kuwekeza kwenye fomu maalum leo. Outlook mpya ya Windows, ile inayokuja ikikubembeleza kona ya juu uijaribu, haina fomu hizi maalum kabisa. Simu za mkononi pia hazina. Nafasi zako za kujaza ulizozipanga kwa siku mbili hazitaonekana huko. Ningekuwa naanza upya mwaka huu, taarifa ya mzigo ningeiweka kwenye fomu ya mtandaoni inayojazwa kwa kivinjari, barua pepe ikabaki ya kusema "taarifa imeingia".

Lakini ofisi haikuniita kuanza upya, iliniita kuondoa jina. Tulijaribu kwa mashine tatu: yenye saini, isiyo na saini, na ile mpya ya Newala, kijana akiwa kwenye simu ananisomea anachokiona mstari kwa mstari. Penye saini likatoka jina moja, la mtumaji mwenyewe, pasipo na saini halikutoka jina la mtu, na Kny ikawapo kila mahali. Katibu muhtasi akapiga simu Dodoma kumwambia mwenzake apumzike.

Baada ya wiki mbili mnunuzi akampigia tena Dodoma.

Safari hii barua ilitoka Liwale. Kijana wa huko alikuwa na kiolezo cha zamani kwenye flashi tangu msimu uliopita na hakuna aliyemkumbuka tulipokuwa tunakusanya nakala. Nikamwambia anitumie hilo faili nilione kabla hajalifuta. Akanitumia mchana ule ule, kwa barua pepe, salamu zimepangwa vizuri, nafasi ya uzito ipo, imeandikwa sifuri. Chini yake majina mawili.